Kibofu cha Anusayabai

Shaila Waghmode alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili kwenye chumba cha mionzi, na katika muda wote huo hakuna neno lililomkera kama "nimekunywa."

"Nimekunywa, tai," wanawake walimwambia kila asubuhi, wakimwita dada kwa Kimarathi, wamelala chali juu ya kitanda cha mashine, macho yameelekea darini.

"Umekunywa kiasi gani?"

"Mengi."

"Mengi ndiyo kiasi gani?"

"Mengi tu, tai. Tumbo linacheza."

Basi Shaila angetoka, angefunga ule mlango mzito, angekaa mbele ya kompyuta. Mashine ingemzunguka mgonjwa mara moja kumpiga picha, na picha ingemwonyesha kibofu kimesinyaa, hakina hata kijiko cha maji. Tumbo lilikuwa linacheza kweli, lakini kwa njaa.

Hapo ndipo angeshika kichwa kwa mikono miwili na kusema maneno ambayo baba yake, kondakta wa mabasi ya serikali aliyesifika kwa upole, hakumfundisha.

Lazima nieleze kwa nini kibofu cha mtu mwingine kilimkosesha Shaila raha namna hiyo. Alipoanza kazi, hospitali ilikuwa na mashine ya zamani, ya kobalti, isiyopiga picha yoyote. Mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi alichorwa mistari ya wino tumboni, dirisha la mionzi likafunguliwa pana, na kila kilichokuwa ndani ya dirisha kikaungua: uvimbe, kibofu, utumbo, vyote pamoja. Mwaka wa pili wa kazi yake aliletwa Sonabai, shangazi yake, dada wa baba. Shaila mwenyewe ndiye aliyebonyeza kitufe siku zote ishirini na tano. Saratani ikaisha. Sonabai akaishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, na katika miaka hiyo hakuhudhuria harusi hata moja, kwa sababu utumbo uliochomwa ulimtoa damu na hakuweza kukaa mbali na choo kwa nusu saa. Hakuwahi kumlaumu Shaila. Angelaumu, huenda ingekuwa nafuu.

Kwa hiyo mashine mpya ilipofika, yenye kupiga picha kabla ya kuwasha mionzi, Shaila alifurahi kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Pamoja na mashine alikuja Ninad Gokhale, mtaalamu wa fizikia, kijana mwembamba aliyependa kueleza mambo kwa kuchora nyuma ya bahasha.

"Tazama, Shailatai," alimwambia wiki ya kwanza. "Zamani tuliacha nafasi ya milimita kumi na tano kuzunguka kizazi, tusije tukakosa. Sasa tunaona tunachopiga. Tunaacha saba. Utumbo unabaki nje."

"Na kizazi kikihama?"

"Kitahama kwa sababu ya kibofu. Kibofu kikijaa, kinakisukuma juu na nyuma. Kikiwa kitupu, kizazi kinalala mbele. Tofauti inafika sentimita mbili, hata tatu."

"Sasa milimita zako saba zitafanya nini hapo?"

"Ndiyo maana kibofu lazima kiwe sawa kila siku, kama siku ya kupanga matibabu." Akachora glasi mbili. "Mgonjwa anakwenda haja ndogo, anakunywa nusu lita, anasubiri dakika arobaini na tano, anaingia. Rahisi."

Shaila alikumbuka neno hilo "rahisi" kwa miezi minane.

Maana kwenye bahasha ilikuwa rahisi. Kwenye benchi ilikuwa balaa. Mgonjwa alikunywa glasi zake mbili akaanza kusubiri, kisha umeme ukakatika. Au mama wa diwani akaingizwa mbele ya watu wote na wauguzi wawili wa kumshikia mkoba. Au mashine ikagoma, ikaandika namba nyekundu ambayo hakuna aliyejua maana yake. Dakika arobaini na tano zikawa saa mbili, na wanawake waliojaa maji wakaketi pale wamebana magoti. Wengine walivumilia hadi kibofu kikawa kama tikiti, mpango ukaharibika kwa upande huo. Wengine wakakimbilia chooni, ukaharibika kwa upande wa pili. Choo chenyewe cha chini kilikuwa na kufuli, ufunguo anao mtu wa usafi, na mtu wa usafi hakuna aliyejua anapokaa.

Katika hali hiyo ndipo akaja Anusaya Gholap.

Anusayabai, kama walivyomwita kwa heshima, alikuwa na miaka hamsini na miwili, mkata miwa kutoka Jambhulwadi, mwenye mikono migumu na sauti ya kuita mtu upande wa pili wa shamba. Kila alfajiri alipanda basi la saa mbili za safari, akafika, akaketi kwenye kona ya benchi karibu na mlango, mkoba magotini. Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda sawa, kwa bahati. Siku ya nne picha ikaonyesha kibofu kitupu. Siku ya tano, kitupu. Shaila akamshusha kitandani, akamnywesha maji mbele ya macho yake, akamrudisha foleni. Siku ya sita hivyo hivyo. Siku ya saba hivyo hivyo.

"Anusayabai, nikuulize. Unanichukia?"

"Nikuchukie kwa nini, tai?"

"Nilikwambia nini jana?"

"Ninywe glasi mbili, nisubiri."

"Umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Umesubiri?"

"Nimesubiri."

"Basi maji yamekwenda wapi? Yamepanda kichwani?"

Anusayabai alitazama ukuta. Shaila akamshusha kwa mara ya nne.

Siku ya tisa mkuu wa kitengo, Daktari Nimbalkar, alikuja mwenyewe kuona kwa nini foleni imefika kwenye ngazi. Alimkuta Shaila amekaa mikono kifuani, picha ya Anusayabai mbele yake.

"Shaila, watu arobaini wako nje. Washa, twende."

"Saheb, kizazi kimetoka nje ya mstari. Angalia. Nikiwasha sasa, nusu ya uvimbe haipati kitu, na utumbo unapata mionzi yote."

"Na ile miaka ya kobalti mlikuwa mnaona wapi haya?"

"Tulikuwa hatuoni. Sasa naona." Akasukuma kiti nyuma, akasimama. "Ukitaka iwashwe, saheb, kaa hapa wewe, ubonyeze kwa kidole chako."

Muuguzi aliyekuwa mlangoni alijifanya anatafuta kalamu sakafuni. Daktari Nimbalkar alikitazama kile kiti, akaitazama picha, kisha simu yake ikamwokoa. Akaondoka akiongea nayo, ingawa hakuna aliyeisikia ikilia.

Shaila angetulia hapo, yangekwisha. Lakini hasira ilikuwa bado juu, na mtu mwenye hasira hutafuta wa kumtemea. Akatoka hadi ukumbini, akamkuta Anusayabai anafunga sari yake, na mbele ya wanaume kwa wanawake akampasulia.

"Nimegombana na mkuu wangu kwa ajili yako! Nusu lita ya maji, mama mzima, inakushinda? Wajukuu wako wanaweza! Kama hutaki kupona niambie, nafasi yako nimpe mwingine!"

Anusayabai aliokota mkoba wake, akapita katikati ya watu bila kuinua macho.

Kesho yake, Ijumaa, hakuja.

Shaila alijua maana ya siku moja kukosekana. Matibabu ya saratani hii yanatakiwa yamalizike ndani ya wiki nane. Kila siku inayopotea, uvimbe unapata nafasi ya kupumua. Alipiga simu saa nne. Akapokea mume, Dagadu.

"Haji," Dagadu alisema. "Anasema huko anagombezwa kama mtoto aliyeiba sukari."

"Mpe simu niongee naye."

Kukawa na minong'ono. "Anasema hayupo."

"Nimemsikia, yuko hapo!"

"Ndiyo," Dagadu alikubali kwa huzuni, "lakini anasema hayupo."

Jumapili, siku ambayo kwa kawaida alifua na kulala, Shaila alipanda basi lile lile la Jambhulwadi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi, na njia nzima akawa anayaharibu kwa kuongeza "lakini na wewe." Basi lilisimama mara kumi na saba. Hakuna kituo hata kimoja kilichokuwa na choo cha wanawake. Alilitambua hilo kwa sababu mwenyewe, kufika kituo cha kumi, alikuwa anakihitaji.

Anusayabai alikuwa uani akipepeta mtama. Alimwona, hakuinuka.

"Chai?" akauliza tu.

"Kwanza choo."

Anusayabai akacheka bila kupenda, akamwonyesha nyuma ya nyumba.

Waliketi na chai. Shaila akaanza, "Nilikosea kukugombeza mbele ya watu," na kwa jasho jingi akaishia hapo hapo.

Anusayabai aliendelea kupepeta. Mwishowe akasema, "Nilikuwa nakunywa, tai. Sikukudanganya hata siku moja. Nakunywa glasi mbili, halafu nakwenda kule ghorofa ya tatu, nayatoa, narudi."

"Unayatoa!" Shaila aliweka kikombe chini. "Nilikwambia usubiri!"

"Si nilisubiri? Nilikuwa nasubiri chooni."

Miezi minane Shaila alikuwa akisema "kunywa, subiri," na hakuwahi hata mara moja kueleza yale maji yanafanya kazi gani. Kilichoelezwa kiliandikwa kwenye karatasi, na Anusayabai hakujua kusoma.

"Lakini ungeniuliza…"

"Ningekuuliza nini, mbele ya wanaume wale?" Anusayabai aliacha ungo. Aliangalia kama Dagadu yuko mbali. "Tangu nimzae mtoto wa tatu, mkojo haunitii. Nikikohoa unatoka. Nikiinua mzigo wa miwa unatoka. Siku ya nne nilikaa na maji yenu kwenye benchi, mtu akafungua mlango kwa kishindo, nikashtuka. Sari ikalowa. Mzee mmoja alihama benchi ameshika pua. Siku ile ndiyo nikapanda ghorofani mara ya kwanza. Tangu hapo nikasema, heri kugombezwa na wewe."

Miaka ishirini na miwili, wanawake maelfu, na Shaila hakuwahi kumuuliza hata mmoja kama mkojo unamtii.

"Mumeo anajua?"

"Mume wangu hajui hata saratani imekaa wapi. Anadhani ni tumbo."

"Njoo kesho," Shaila alisema. "Tafadhali. Sitakunywesha maji kesho. Njoo kama ulivyo."

"Na yule kijana wa picha?"

"Yule wa picha niachie mimi."

Jumatatu saa mbili kasoro, kabla Ninad hajavua hata begi, Shaila alikuwa amesimama mlangoni kwake.

"Ninad, umewahi kukaa saa mbili kwenye benchi umebana mkojo, na uvimbe ndani, na umeshazaa watoto watatu?"

Ninad alitafakari. "Hapana."

"Basi hiyo nusu lita yako umeitoa wapi? Wanawake wanatoka kijijini hawajanywa tangu jana jioni kwa sababu njiani hakuna choo. Wanafika hapa choo kina kufuli. Wengine mkojo hauwatii. Na sisi tunawaambia kila siku wawe sawa na picha moja tuliyowapiga siku moja! Kwa nini mtu aifuate picha? Picha imfuate mtu!"

Alitegemea ubishi. Ninad alikaa polepole, akachukua bahasha.

"Inawezekana," akasema.

"Nini?"

"Inawezekana. Wengine wanafanya. Unampiga picha mbili za kupangia: kibofu kitupu, kisha kimejaa kadiri anavyoweza. Unaona kizazi kinatembea kutoka wapi hadi wapi. Unatengeneza mipango mitatu: wa kitupu, wa kati, wa kujaa. Kila asubuhi unaangalia picha ya siku, unachagua mpango unaolingana."

Shaila alimkazia macho. "Ulikuwa unajua."

"Nilisoma."

"Ulisoma lini?"

"Kabla sijaja hapa," Ninad alisema kwa sauti ndogo. "Lakini Shailatai, ni kazi mara tatu! Kompyuta yenyewe mpango mmoja inakula nusu siku. Nitakufa."

"Hutakufa. Utakonda, na kukonda umeshakonda."

Daktari Nimbalkar aliwasikiliza huku akisaini mafaili mengine. Alisema kitengo si maabara ya majaribio, na foleni itarefuka. Akasema tena kwamba mgonjwa akichaguliwa mpango usio wake ni heri asipigwe mionzi kabisa, na hapo alikuwa sahihi, hata Shaila alikubali. Mwishowe akaweka sharti: wagonjwa kumi tu kwa kuanzia, na kila siku watu wawili waiangalie picha na wakubaliane kabla ya kuwasha. Wasipokubaliana, aitwe yeye.

"Na kufuli la chooni, saheb?"

"Hilo ni la utawala."

Kufuli Shaila alilivunja mwenyewe mchana ule kwa chuma cha kuinulia kitanda. Utawala ulimwandikia barua. Aliitumia kufunikia chai.

Anusayabai alikuwa wa kwanza. Alipigwa picha mbili, katika chumba ambacho Shaila alitundika pazia na kutandika kitambaa kinene, wanaume wote wakatolewa, Ninad akiwemo. Alipoelezwa kwa nini, kwa maneno ya jikoni na si ya karatasi, kwamba kizazi kimekalia kibofu na kibofu kikipanda nacho kinapanda, alielewa mara moja.

"Ni hilo tu?" akauliza. "Mngesema tangu mwanzo. Sasa mkojo wangu una mipango mitatu, mimi mwenyewe sina hata mmoja."

Haikwenda laini. Wiki ya kwanza Shaila na Ninad walibishana karibu kila asubuhi, yeye akisema "wa kati," Ninad akisema "kitupu," vidole vyote viwili kwenye kioo, mpaka Daktari Nimbalkar akachoka kuitwa na kuwaambia wajifunze kukubaliana au wajifunze ngazi za kutokea. Siku moja hakuna mpango hata mmoja uliolingana: kibofu kilikuwa sawa, lakini utumbo nyuma ya kizazi ulijaa hewa ukakisukuma chote mbele.

"Ulikula nini jana?" Shaila aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa na dunia.

"Dengu. Za kukaanga. Kulikuwa na sherehe ya jina la mtoto kwa jirani."

"Dengu, Anusayabai! Nimepigania kibofu chako na serikali nzima, wewe unaniletea dengu?"

"Hukunikataza dengu."

Ilikuwa kweli, hakumkataza. Akamtuma atembee uani nusu saa, akampiga picha tena, ikakaa sawa. Dengu zikaingia kwenye maelezo ya siku ya kwanza, pamoja na swali moja jipya ambalo Shaila alimuuliza kila mwanamke faraghani, mlango umefungwa: ukikohoa, mkojo unakutoka? Kati ya wanawake kumi na tisa waliofuata, kumi na mmoja walisema ndiyo. Mmoja alilia. Mmoja alisema, "Kwani kuna ambaye haumtoki?"

Zile siku zilizopotea walizifidia siku za Jumamosi, Shaila akaja kazini bila kuambiwa. Wale kumi wa kwanza walipomaliza, Ninad alihesabu: kushushwa kitandani kulikuwa kumepungua kutoka kila siku hadi mara moja kwa wiki, na foleni, badala ya kurefuka kama alivyotabiri mkuu, ilifupika kwa saa nzima. Daktari Nimbalkar aliupeleka mpango ule kwenye mkutano wa madaktari mjini Pune, akauita "mpango wetu." Shaila alisikia hilo kwa muuguzi. Alikasirika siku mbili, kisha kazi ikamsahaulisha.

Anusayabai alimaliza mionzi ya nje, akaingia ya ndani, ile inayopelekwa kwa vijiti vyembamba hadi kwenye uvimbe wenyewe. Aliogopa sana siku hizo, akaukamata mkono wa Shaila hadi kucha zikaacha alama. Aliharisha wiki mbili tu, kisha ikakoma. Miezi mitatu baadaye alirudi kupimwa, na daktari hakuona uvimbe popote. Akaambiwa atarudi kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, na asiinue mizigo.

"Umeinua?" Shaila alimuuliza.

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

Anusayabai alibadilisha mazungumzo. Alisema amemleta wifi yake, Kesar, ambaye hedhi ilikoma zamani na sasa anaona damu tena tangu sikukuu ya taa. Amemsema mwezi mzima hadi akakubali kupanda basi.

"Yuko wapi?"

"Nje, kwa muuza maji ya miwa. Anasema amenisindikiza tu, haumwi kitu."

"Kwa nini hukumvuta ukamwingiza?"

"Nimemvuta, tai. Ameshika mti."

Shaila alimwachia Ninad kiti chake, akatoka kwenye jua la mchana bila kuvua koti. Alimkuta mwanamke mnene ameshika shina la mwarobaini kwa mkono mmoja na glasi ya maji ya miwa kwa mwingine. Hakumgombeza, ingawa ulimi ulimwasha. Aliagiza glasi yake, akasimama naye, wakaongea habari za mvua, za binti wa Kesar aliyeolewa mbali, za magoti. Ilichukua dakika hamsini. Mashine ilikuwa inamngoja, na mara mbili muuguzi alikuja kumwita akamfukuza kwa jicho.

Kesar aliingia kupimwa siku ile ile. Uvimbe ulikuwa mdogo kuliko punje ya mahindi. Daktari wa upasuaji aliutoa pamoja na kizazi, na Kesar akarudi Jambhulwadi bila kupanda kitanda cha Shaila hata siku moja.